Waziri Ameambiwa Apungue

Jumamosi asubuhi kijiwe chetu hukaa nje ya duka la kufulia nguo pale Langley Park, Marekani, kwenye benchi ambalo mwenye duka aliliweka kwa ajili ya wateja, sisi tukalihodhi. Nguo zinazunguka ndani, umbea unazunguka nje. Vumilia huja na chupa ya kahawa ya tangawizi na mfuko wa maandazi. Mutai, Mkenya tunayemwita Redio, huja na habari. Tito anapanga chupa kwenye rafu za duka la dawa, basi tukampa udokta. Wa nne ni Laurean, dereva wa teksi wa uwanja wa ndege, ambaye tumbo lake hufika kabla yake. Huyo ndiye Waziri. Siku hiyo alikuja, akaketi, akakataa andazi. Benchi zima likageuka.

— Nina ngiri, akasema.

— Buda, ngiri nzima na umenyamaza? Redio akadakia. Si ununulie watu kahawa.

— Siyo hiyo elfu moja yenu ya Nairobi. Ngiri ya ugonjwa. Imetokeza hapa kitovuni, inachoma nikinyanyua masanduku ya abiria.

Daktari wa kweli, wa hospitali, amegoma kumpasua kwa sasa. Amemwambia apungue kwanza, maana akishonwa na tumbo lile nyuzi zinaweza kuachia na ngiri ikarudi. Tukadhani tatizo ni maandazi. Kumbe.

— Kupungua naweza. Tatizo ni mama. Kule Bukoba amezika kaka zangu wawili, na wote walianza kwa kupungua. Picha yangu na hili tumbo ameitundika sebuleni. Akiniona nimekonda, nitamuua.

Tulimwonea huruma kweli. Ila sisi huruma yetu haikawii kugeuka ushauri.

— Kaka, piga picha za winta tu, akasema Vumilia. Ukivaa makoti matatu nani atajua?

— Na kiangazi? akauliza Waziri.

— Kiangazi piga kuanzia shingoni kwenda juu.

Dokta akapinga, akasema mashavu ndiyo ya kwanza kumuumbua mtu. Yeye alitaka mto, ufungwe kwa kanga chini ya shati.

— Mto ukihama ukaenda mgongoni? akauliza Vumilia. Mama ataona mwanawe ana kibyongo.

— Sikizeni, akasema Redio. Siku hizi kuna kompyuta. Tunatoa kichwa cha Waziri, tunakibandika kwa mwili wangu, na hiki kitambi. Mathe anapata tumbo fiti kabisa.

— Na hiyo jezi yako ya Harambee Stars? akadakia Dokta. Atadhani mtoto kahamia Kenya.

Mimi, ninayejiona mwenye akili kidogo pale kijiweni, nikashauri Redio apelekwe Bukoba mzima mzima, afike usiku, asiongee. Tulicheka mpaka Waziri akashika kitovu na kutuomba tuache, kinamuuma.

Mlangoni alikuwa amesimama dada mmoja tusiyemjua, anakunja mashuka yake huku anatusikiliza. Baadaye ndipo tukajua anaitwa Jerotich.

— Samahani, mzee, akasema. Mama alisemaje ulipomwambia?

— Sijamwambia, akasema Waziri.

Basi Waziri akatoa kadi ya simu mfukoni, akaikwangua kwa ufunguo wa teksi, akapiga. Kule ilikuwa jioni. Alizungumza Kihaya, anaonyesha kitovu kana kwamba mama anamwona.

— Anasemaje? akauliza Vumilia.

— Anasema nimtumie picha kila mwezi, akatutafsiria. Anizoee polepole.

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Dokta akaenda garini kuchukua kamera, akamwambia asimame vizuri, tumbo lote lionekane, maana hiyo ndiyo picha ya kwanza. Waziri akasimama, akalitoa lote. Pembeni yake Redio, ambaye hakuna aliyempiga picha, alikuwa amevuta lake ndani.