Pingamizi la Mzee Yoramu

Sogezeni viti, wanangu, nawe Hamza, mtani wangu, katibu wa baraza letu la viwango vya programu, acha kulia kabla ya msiba. Siku yenyewe utalia nini? Nathanaeli, shamba la zabibu la Mvumi ni lako, usiligeuze viwanja. Hilo limekwisha. Sasa lisikieni linaloninyima usingizi.

Mnakijua chombo chetu: unakipa kanuni za lugha, nacho kinakutengenezea msomaji, yaani programu ya kukata maandishi vipande na kupima kama vimekaa kwa mpangilio. Msomaji huyo akikwama husema "Kosa" tu, akanyamaza kama mkwe aliyealikwa ukweni. Dada yenu Devota akapendekeza aseme amekwama mstari gani, alitarajia kukuta nini, kisha aendelee kusoma hadi mwisho. Baraza zima likakubali, nikapinga mimi peke yangu. Na kwa kuwa tuliiga mabaraza ya wazee wetu, hatupigi kura: pingamizi la mmoja huzuia jambo, huondolewa na mwenyewe kwa kinywa chake, na akifa nalo limekuwa la milele, maana nani atabishana na kaburi?

Nilidai programu za zamani zitavunjika. Devota akazijaribu zote, haikuvunjika hata moja, nami nikakaza shingo. Mficha uchi hazai, nami nimezaa, basi niseme: ni kuku. Vijana wakikwama walikuja hapa Ihumwa na kuku mkononi, "Shikamoo mzee, kosa liko wapi?", nikanyoosha kidole, nikaonekana nabii. Chombo kikijisemea chenyewe, nani atanibishia hodi? Kikulacho ki nguoni mwako, Devota, na nguo yenyewe ilikuwa baba yako. Unasema tuyaache, baba apumzike. Siyaachi, mama. Nikipumzika nayo, nimekuzika wewe.

Msigombane kando ya kitanda changu. Mnizike Mvumi, kando ya mama yenu, hotuba ziwe fupi. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na watoto wenu wawashinde, nanyi mfurahi... kuliko nilivyofurahi mimi.

Niinue kichwa, Devota. Hamza, sogeza sikio, sauti inakatika. Mimi Yoramu... naliondoa pingamizi langu. Hukusikia? Na—li—ondoa.

Umeitikia kwa kichwa, Hamza, nimeona.

Devota, usinishukuru. Haki yako... haishukuriwi.