Ng'ombe Hazeeki Maini

Mpanda farasi mzee alishindwa mbio alizokuwa ameshazishinda. Sasa alikuwa kwenye treni, tandiko la farasi mapajani, na mama muuza vitambaa aliyeketi mbele yake alitaka kujua ilikuwaje.

"Uzee, mama. Asubuhi niliwatambia vijana: nyie mna nguvu, mimi nina akili. Ng'ombe hazeeki maini!"

"Kumbe?"

"Maini hayakuzeeka. Yaliyozeeka ni macho. Nilikuwa mbele ya wote, nikaiona nguzo ya kumalizia, nikalegeza hatamu, nikapunga mkono. Kumbe ni nguzo ya taa! Vijana wakanipita nikiwa bado napunga."

Alicheka yeye kwanza, maana kusubiri kuchekwa kunauma zaidi.

"Si uvae miwani, baba?"

"Mzee mwenye miwani, nani atampa farasi?"

"Na anayepungia taa mkono, nani atampa?"

Alifungua kinywa kujibu, treni ikafunga breki. Kituo chake. Aliteremka na hasara yake yote: kikombe amechukua kijana, farasi mwenye mali amempa kijana, na yeye amebaki na tandiko lisilo na mgongo wa kulibeba ila wake mwenyewe.