Umeme wa Kwa Dada

Jioni ile benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limejaa, lakini ndani hapakuwa na mteja, na Kinyozi mwenyewe hakuwa na hamu ya kumpata. Miguuni pake ilikaa mashine ya kupumulia aliyotumiwa na dada yake kutoka ng'ambo kwa ajili ya mama yao. Wiki nzima mama alikuwa akilala kwa kukaa, maana akijinyoosha tu pumzi inakatika. Mchana Fundi Waya aliona plagi ya ng'ambo haiingii ukutani. Akaikata, akafunga ya hapa. Walipoichomeka, mashine ilinguruma mara moja, ikatoa moshi, ikanyamaza.

— Plagi nilifunga vizuri, alisema Fundi Waya. Tatizo volti. Wao mia na ishirini, sisi mia mbili na arobaini.

— Ulijua lini? aliuliza Kinyozi.

— Moshi ulipotoka.

Redio, aliyepewa jina hilo kwa kutozimika, alidakia:

— Zamani kila mji ulikuwa na kampuni yake na umeme wake. Ukihama, balbu zako hazifai. Baadaye wengine wakapandisha volti ili waya ziwe nyembamba, shaba ilikuwa ghali. Wale wa kwa dada yako wakabaki hapohapo, watu walishanunua balbu.

— Kwa hiyo mama yangu anakosa pumzi kwa ajili ya balbu za marehemu?

— Balbu wapi! alisema Fundi Waya. Ni baridi. Umeme wao unapita kwenye barafu, unafika umechoka.

— Mbona wengine wana barafu na volti kama zetu? aliuliza Redio.

— Hao waya zao zimevaa makoti.

Muuza kahawa akatikisa kichwa.

— Walikaa kikao hao wenye viwanda. Wakakubaliana wasifanane, ili zawadi za ndugu ziungue, tununue nyingine.

Kinyozi alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuwatukana aliona kazi. Dada alikuwa akipiga simu tangu saa kumi, naye hakuwa amepokea.

Mkewe akatokea kwenye kona.

— Karibu kahawa, shemeji, alisema Redio.

— Asante, sikai. Baba watoto, mama anauliza: ajinyooshe, au aendelee kukaa?

Redio akatazama kikombe chake. Fundi Waya akaanza kutafuta kitu mfukoni, na hakukipata.

Kinyozi akainuka, akafunga kibanda.

— Mwambie nakuja, alisema. Leo ataniegemea mimi.