Maisha ya Aristide Paluku, Mwandishi wa Watakatifu

Wapendwa waombolezaji, aliyesimama mbele yenu ni Bethuel, mdogo wake marehemu, na haya anayowasomea yamepitiwa neno kwa neno na mjane, mama Pélagie Kavira, aliyeomba yasipambwe.

Aristide Paluku alizaliwa Butembo tarehe 4 Machi 1961, akasoma seminari ndogo huko huko, akafundisha historia, na tarehe 12 Agosti 1989 akafunga ndoa na Pélagie. Hawakujaliwa mtoto wa tumbo, ila walimlea Christelle, aliyezaliwa 2013, binti wa mdogo wake Pélagie, Orpha, aliyeuawa na watu wenye silaha mwaka uliofuata.

Mwaka 2017 walifika Stockholm kutoka kambini Uganda, wakakaa mtaa wa Tensta, naye akawa mwalimu wa modersmål, yaani lugha ya mama, akiwafundisha Kiswahili watoto waliomjibu kwa Kiswidi. Lakini moyo wake ulikuwa kwa mwandishi mmoja wa Konstantinopoli, wa miaka elfu iliyopita, aliyekusanya maisha ya watakatifu na kuyaandika upya kwa lugha tamu, na Aristide akaazimia kuwaandikia hivyo wafia dini wa kwetu, akisoma habari zao mmoja mmoja kanisani Hallunda.

Ndipo Pélagie alipomsimulia, jikoni, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba akiwa amejificha kwenye shamba la kahawa alimsikia Orpha akimkana Yesu ili mtoto aliye mgongoni aachwe, wakamwacha mtoto, yeye wakamwua. Jumapili Aristide akasoma kwamba Orpha alikataa katakata, akafa akiimba, na kanisa zima likalia.

"Kama angekataa, Christelle angekuwa wapi leo?" Pélagie alimwuliza wakisubiri treni.

"Mama Christelle, nimempamba kidogo tu."

"Sikukupa mdogo wangu umpambe. Nilikupa umtunze."

Aliahidi kurekebisha. Kitabu chake cha wafia dini kilipotoka Mei 2023, Orpha alikuwa bado anaimba, na mtoto hakuwemo. Pélagie akachukua mto wake, akahamia chumba cha Christelle.

Saratani ya ini iligunduliwa Oktoba 2024, na ni Pélagie huyo huyo aliyemwogesha na kumnywesha supu, hadi alipofariki hospitalini tarehe 9 Februari 2025. Jioni ya mwisho Aristide alimwuliza, "Umenisamehe?" Pélagie akamfuta midomo, na mpaka leo hajajibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tensta waliopika bila kuombwa, na walimu wenzake wote.

Pumzika, baba Christelle. Habari za Orpha, Pélagie atazisimulia mwenyewe.