Mzee Gamaliel na Nyumba Isiyokatwa

Ndugu waombolezaji, naitwa Mwijage, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yetu, Gamaliel Ndyamukama, mpanga chapa, na kwa kuwa mwenyewe alichukia kosa la tarehe kuliko alivyochukia njaa, kila tarehe mtakayoisikia tumeihakiki mara mbili.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Kanazi, akasoma hapa hapa, akamaliza darasa la nane shule ya kati mwaka 1957, na tarehe 2 Februari 1959 akaajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji kule Miembeni, Bukoba mjini, akipanga herufi moja moja kwa mkono, na kazi aliyoipenda ni ile ambayo wenzake waliikimbia, yaani majedwali. Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa na mama yetu, Penina, wakajaliwa watoto watano.

Vita vilipotufikia, Novemba 1978, alipakia herufi za kiwanda kwenye gari akazifiche Muleba, na kwenye kizuizi askari walipouliza ndani ya masanduku yale mazito mna nini, Tata, ndivyo tulivyomwita baba, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu kwamba ni risasi, maana herufi zile zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Jamani! Alikaa mahabusu siku mbili, mpaka afisa mmoja alipofungua sanduku akakuta herufi A tupu, na kila alipoisimulia habari hiyo alicheka kuliko wasikilizaji.

Mwaka 1989 kiwanda kilipata kompyuta, yenye programu ambamo jedwali halichorwi kwa macho bali huandikiwa amri, na Tata, mwenye miaka arobaini na minane, alijifunza mwenyewe kutoka kitabuni, hasa makro, yaani amri ambayo mtu anajitungia, ukiandika neno moja mashine inafanya kazi ya maneno arobaini. Wenzake walisema amezeeka kwa mambo hayo, naye akawajibu kwamba kompyuta ndiyo mtoto, maana haijui hata salamu, na mtoto hufundishwa na mzee.

Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umekwisha kutumalizia wazazi, na mwaka 1991 kamati moja ya misaada ikamletea kazi ya kupanga daftari la watoto yatima wa Bukoba na Muleba, kurasa mia mbili na kumi na mbili, jina, umri, kijiji na anayemlea, likachapwa mwezi Agosti, likasifiwa kwa uzuri wake. Kurasa zile ziligawiwa kwa waliokuwa wakiwatafutia watoto makazi, kila mmoja na zake, na jina langu lilikuwa la mwisho ukurasa wa arobaini na sita, la mdogo wangu Kokwijuka likawa la kwanza ukurasa uliofuata, basi mimi nikaletwa kwa jirani yake Tata hapa Kanazi, na Kokwijuka, mwenye miaka sita, akapelekwa Muleba. Hakuna aliyekusudia kututenganisha, karatasi tu iliishia pale.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumapili moja baada ya ibada Tata aliniona nalia, akaniuliza nina ndugu, nikamjibu kama nilivyosikia watu wazima wakisema, kwamba ninaye, yuko ukurasa wa arobaini na saba. Mama anasema siku hiyo hakugusa chakula, na kesho yake alipanda baiskeli hadi Muleba, akarudi na Kokwijuka nyuma ya kiti, na tangu tarehe 14 Oktoba 1991 sisi wawili tuko nyumbani kwake.

Kisha akarudi kwenye mashine, wiki tatu nzima, akatunga makro aliyoiita Enju, ndiyo nyumba kwa Kihaya chetu, ambayo hukusanya watoto wa mzazi mmoja, hupima nafasi iliyobaki chini ya ukurasa, na isipowatosha wote huwahamisha wote ukurasa unaofuata, asibaki hata mmoja. Msimamizi alilalamika kwamba kurasa zinabaki na nafasi tupu, karatasi inapotea, naye akamwambia karatasi ipo dukani, ndugu hauzwi. Daftari la Aprili 1992 halikukata nyumba hata moja, nami ninayefanya kazi mezani kwake leo nimelikagua lote.

Kisukari kilimwanza mwaka 1996, mwaka jana kikafika kwenye figo, na tarehe 12 Februari 2002, saa nne asubuhi, alituacha hospitalini Bukoba, akiwa na miaka sitini.

Juzi, tukiandaa karatasi mliyoishika, baba mdogo Lameki alishauri mstari upite kati ya watoto waliozaliwa na sisi tuliolelewa, ndiyo desturi. Mama akaniagiza nitumie Enju, sote saba kama watoto wa mzazi mmoja, na baba mdogo mwenyewe akasema basi, nimekoma. Geuzeni nyuma, mtaona majina saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kanazi mliotulisha siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake wa Miembeni mliofunga kiwanda mje kumbeba.

Pumzika kwa amani, Tata, sote tumetosha ukurasa mmoja.