Fulana Iliyomshusha Paka Paani

Kijiwe chetu hapa mjini Vizela ni benchi la mawe nje ya mgahawa wa Lurdes, na wanaolikalia asubuhi ni wastaafu wa viwanda vya nguo. Jumatatu ile ya Agosti hakuna aliyegusia mpira. Adelino, fundi wa mapaa tunayemwita Paka, alikuwa ametoka hospitali jana yake, na mapajani ameweka fulana ya kijivu.

Kisa alikisimulia polepole, kahawa ikimpoa. Mpwa wake Graça, anayefanya utafiti wa vitambaa chuoni, alimwomba aivae kazini wiki moja. Ndani mna nyuzi zinazopima chumvi kwenye jasho na kupeleka habari kwenye simu ya Graça. Ijumaa saa nane mchana, yuko juu ya vigae, Graça akampigia simu.

— Mjomba, shuka sasa hivi.

— Acha hizo. Niko fiti, nimebakiza safu mbili.

— Hauko fiti. Chumvi imekuishia mwilini. Shuka, nakuomba.

Alishuka akinung'unika. Mguu ulipogusa chini tu, akaanguka na kuzimia. Alizinduka akiwa na dripu mkononi.

Serafim, Sindano kwa jina la kijiweni, amefuma miaka hamsini. Aliichukua ile fulana, akaigeuza nje ndani, akaipapasa kwa kidole gumba akiutafuta huo uzi. Hakuupata.

— Nimefuma maisha yangu yote, alisema taratibu. Sikujua nguo inaweza kumsikiliza mtu.

Belmiro, mstaafu mwenzetu, akadai si muda mrefu mashuka yatawaambia wake zetu tulikopitia. Sindano akaona hata padri hatatuuliza dhambi tena, atakagua kola tu. Tulicheka, ila fulana ilipita mkono kwa mkono kwa uangalifu, kama tunapokezana kichanga.

Delfina, mjane wa Horácio aliyekuwa naye fundi wa mapaa, alikuwa anapita na mkate wake. Akasimama kusikiliza mpaka mwisho, kisha akaigusa fulana kwa ncha za vidole.

— Horácio wangu alipoanguka kutoka paa la shule, mliniambia ameteleza. Jua lilikuwa kali hivihivi. Kwani jasho lake nalo lilikuwa linasema?

Paka alisogea akampa nafasi, naye akakaa katikati yetu, fulana ameilaza magotini, akiinyoosha mikunjo.