Mwalimu Glenna Ratliff Anaondoka, na Ukumbi Nimeshauchukua

Glenna anastaafu! Miaka thelathini na saba ya kufundisha baiolojia katika shule moja, chumba kilekile namba 9, kuanzia Agosti 1988 hadi Alhamisi tarehe 22 Mei mwaka huu wa 2025. Hakuna mwalimu mwingine aliyekaa muda huo hapa mjini kwetu, na kama yupo ajitokeze tumwone.

Haya, sasa hamjambo? Mimi ni Oleta Ratliff, mama yake mzazi. Wengi wenu mmekula maharagwe yangu na mkate wangu wa mahindi, maana nilipika jikoni pale shuleni miaka ishirini na miwili. Mkuu wa shule aliomba mfanyakazi mwenzake Glenna aandike wasifu wa kijitabu hiki cha kumuaga. Wiki mbili zikapita, kalamu haikushikwa. Kila mmoja anaogopa kanisani kwake watasema nini. Nikamwambia mkuu, nipe mimi. Nilikuwa mfanyakazi mwenzake, nina haki. Shule nimeishia darasa la nane, mtanivumilia.

Glenna alizaliwa na maswali. Akiwa na miaka sita alinikalisha chini kuniuliza samaki wa mtoni walihitaji nini safinani kwa Nuhu, wakati maji ndiyo kwao. Nilimwambia nyamaza ule. Baba yake, Arlis, mchimba makaa ya mawe, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Arlis ndiye aliyemletea kutoka mgodini jiwe lenye alama ya jani la zamani, limekaa ndani ya mwamba kama limechorwa. Kwa lile jiwe mtoto akawa mwalimu. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu wote, upande wangu na wa Arlis, kumaliza chuo kikuu. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena.

Kazi yake mnaijua. Wauguzi kumi na wanane wa kaunti hii wamepita mikononi mwake. Daktari anayepima moyo wa Shemasi Harlan Tackett ni mwanafunzi wake. Mwaka wa mafuriko aliwapeleka wanafunzi wapime maji ya visima, nyumba kwa nyumba, na watu wakaacha kunywa sumu. Alifundisha mabadiliko ya viumbe kama kitabu kinavyosema. Wazazi walipokuja na Biblia mkononi aliwakaribisha kiti, akawasikiliza, kesho yake akaendelea na somo.

Si malaika. Msichana mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba Mungu aliumba vyote kwa siku sita. Glenna akampa sifuri, na pembeni kwa wino mwekundu: "Jibu zuri la swali ambalo sikuuliza." Mtoto alikuja kulilia jikoni kwangu, machozi yanaingia kwenye sahani. Nilimwambia Glenna, ulimi wako huo una makali kuliko kichwa chako. Hakuniomba radhi mimi, lakini alimwomba yule msichana, mbele ya darasa.

Zamani kubishana hakukuwa vita. Shemasi Harlan alikuwa rafiki wa Arlis, na kila Jumapili ya pili alikula kwangu baada ya ibada. Glenna alikwisha kuacha kanisa, lakini kuku wangu wa kukaanga hakumwacha.

"Mwalimu," Harlan alikuwa akianza, mfupa mkononi, "kama mimi nimetokana na nyani, mbona nyani bado wapo?"

"Wewe na binamu yako Virgil mna babu mmoja, Shemasi. Mbona Virgil bado yupo?"

"Ya Virgil niachie. Haya, mahindi haya kayaotesha nani?"

"Mama. Na mavi ya kuku."

"Glenna! Tuko mezani!" mimi nikipiga kelele, na Arlis amelala juu ya meza kwa kucheka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukibishana juu ya Mungu. Tulishiba, tukaombeana, tukaagana.

Kisha vumbi la makaa likammaliza Arlis. Februari 1999 alikuwa kitandani na mpira wa hewa puani, mbavu zinahesabika. Harlan alisimama upande mmoja, Glenna upande mwingine.

"Mungu ana sababu zake, mwanangu," Harlan akasema.

"Sababu ninaijua. Nimeyaangalia makohozi yake kwa hadubini ya shule. Ni meusi."

"Na hiyo hadubini itakuonyesha roho yake inakwenda wapi?"

"Haitanionyesha. Na wewe, Biblia yako imekuonyesha?"

Arlis alikuwa macho. Alisikia yote, akageukia ukutani. Watu wawili aliowapenda wanagombea kifo chake kabla hajafa. Sikuwatoa nje wote wawili, na hilo nalijutia.

Siku ya mazishi, wakati wa sala, watu wote tuliinamisha vichwa. Nilipofumbua jicho moja nikamwona Glenna amesimama wima, macho wazi, anatazama jeneza la baba yake. Aibu ilinishika. Jumatano iliyofuata, kanisani, nikachukua ile kadi ya maombi iliyo mgongoni mwa kila benchi, nikaandika: Glenna R., amepotea. Nikaitia kwenye kikapu.

Niliandika mimi, kwa mkono wangu. Si Harlan, si mchungaji.

Nilidhani wataombea jina lile wiki moja, mbili. Lakini orodha yetu ya maombi huchapwa kila Jumatano, na watu huibandika kwenye mlango wa friji. Watoto wakawa wanaamka, wanafungua friji kutafuta maziwa, wanasoma kwamba mwalimu wao amepotea. Wengine wakatolewa darasani kwake. Glenna alipopeleka bakuli la viazi kwenye msiba, jina lake limebandikwa chini kwa utepe kama tunavyofanya, bakuli lilirudi limejaa, hata kijiko hakikutiwa. Hayo yametokea si mara moja. Wanawake niliowapikia watoto wao shuleni ndio waliolipita lile bakuli. Ninawajua mmoja mmoja, nanyi mnajijua.

Machi hii nilimfuata Harlan nikamwambia alitoe jina.

"Dada Oleta, jina hutoka kwa njia mbili tu. Mtu aokoke, au afe."

"Basi na langu liandike chini yake."

"Wewe umeokoka, Dada."

"Liandike hivyohivyo. Mtuombee wote wawili, labda mtachoka upesi."

Hakuliandika. La Glenna bado lipo, miaka ishirini na sita. Na mimi Yesu sijamwacha, asije mtu akajidanganya. Ninamwamini kuliko jana. Watu wake ndio wananichosha.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Glenna ukweli wa ile kadi. Aliiweka sahani chini taratibu. "Mama, yaani miaka yote hii nimemnunia Shemasi Harlan bure?" Akacheka kidogo, akavaa koti, akaondoka. Jumapili tatu hakuja. Ya nne alikuja, akala, akaosha vyombo, akaondoka bila kunibusu. Bado hajanibusu. Sistahili kulalamika.

Kocha wa mpira alipostaafu mwaka jana watu mia tatu walijaa, na keki ilikuwa na umbo la uwanja. Glenna amemwambia mkuu wa shule wamtengee chumba namba 9 tu kwa sherehe yake, viti kumi, maana nani atakuja? Na kanisa letu limeweka mkutano wa uamsho jioni hiyohiyo. Sisemi ni makusudi. Ninasema kalenda ina siku nyingi.

Nimeuchukua ukumbi wote wa shule. Nitapika kuku, maharagwe, mayai ya kuchemsha ya kujaza na pudini ya ndizi, na nina miaka themanini na nne. Ukumbi ukiwa mtupu, atakayeuona mtupu ni mwanangu, na aliyeanza kuwakimbiza watu ni mimi.

Glenna, asante kwa watoto wetu, na kwa visima. Upumzike, uokote mawe yako, upate siku ndefu na watu wa kubishana nao mezani kwa kicheko. Mama yako anakuombea, umzoee.

Ninyi wengine njooni. Mwenye Biblia aje nayo, asiye na Mungu aje alivyo, na Harlan, kiti chako kipo. Ni Ijumaa, tarehe 30 Mei, saa kumi na mbili jioni.